Baa Zote Zinataka Ijumaa Saa 4 Usiku

Kwenye mtaa wowote wa starehe Dar es Salaam, kitu kisichotofautiana ni bia. Safari ya baa hii ndiyo Safari ya baa ile. Imetoka kiwandani kulekule, na mara nyingi imeshushwa na lori lilelile asubuhi ileile. Anayefungua baa Sinza, Kijitonyama au Tabata anaingia kwenye biashara ambayo bidhaa yake kuu haina siri, na bei yake mteja anaijua kabla hajavuta kiti. Wengi wakiutazama ushindani huu huishia kusema baa zimezidi, wateja hawatoshi. Sikubaliani nao. Kilichozidi ni baa zinazomtaka mteja yuleyule, saa ileile, kwa kumpa kitu kilekile.

Kwanza tuiondoe bei mezani. Tuchukue namba za mfano, ambazo mwenye baa yeyote anaweza kuziweka sawa na zake: kreti la chupa 25 ananunua Sh40,000, kwa hiyo chupa inamwangukia Sh1,600. Anaiuza Sh2,000, anabaki na Sh400. Akitaka kumpiga jirani kwa bei na kushuka hadi Sh1,800, amebaki na Sh200. Sasa lazima auze chupa mara mbili ili abaki palepale alipokuwa, na chupa mara mbili zinataka friji la pili na mikono zaidi. Tena friji la milango ya kioo likijazwa chupa za moto hadi juu linahitaji karibu usiku kucha kuzipoza. Aliyepakia saa 10 jioni hana bia baridi ya kuuza saa 2 usiku. Jirani naye atashusha bei kesho yake. Ndiyo maana bei za mtaa mmoja hufanana mlango kwa mlango, na vita ya bei ikizuka huja imejificha, kwa mfano ndoo ya bia sita kwa bei ya tano. Ipigie hesabu ndoo hiyo: inaingiza Sh10,000, chupa sita zimegharimu Sh9,600, na zimebaki Sh400 kwa ndoo nzima. Mwenye baa amefanya kazi ya bia sita kwa faida ya bia moja.

Anachouza hasa ni kiti kwa saa. Baa yenye viti 60, inayofanya kazi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 6 usiku, ina saa-kiti 480 kwa siku (kiti kimoja kwa saa moja ni saa-kiti moja), 3,360 kwa wiki. Ikijaa Ijumaa na Jumamosi tu, saa nne kila usiku, imeuza saa-kiti 480 kati ya hizo 3,360, yaani sehemu moja ya saba. Mwenye nyumba lakini hadai kodi ya sehemu moja ya saba.

Sasa zipange gharama za mwezi. Pango Sh1,500,000, watu 8 kwa Sh200,000 kila mmoja, Sh1,600,000, umeme Sh500,000, walinzi wawili Sh300,000, king'amuzi cha biashara, leseni, ada za muziki na matengenezo Sh400,000. Jumla Sh4,300,000. Jiko lililokodishwa, meza ya puli, soda, maji na Konyagi vikichangia Sh1,300,000, zinabaki Sh3,000,000 za kutafutwa kwenye bia. Kwa Sh400 kila chupa, hizo ni chupa 7,500, sawa na makreti 300 kwa mwezi, makreti 10 kila siku ya Mungu. Kama mteja anakunywa chupa moja na nusu kwa saa, zinahitajika saa-kiti 5,000, na mwezi mzima una kama 14,400. Kwa hiyo baa lazima ijae kwa zaidi kidogo ya theluthi ya muda wake ili isile mtaji, wakati Ijumaa na Jumamosi zilizofurika zinampa sehemu moja ya saba. Pengo liko kati ya moja ya saba na theluthi, na baa nyingi za mitaa ya kati hufia humo. Zinafunga milango huku wateja wa Ijumaa wakishangaa, "Mbona palikuwa panajaa?"

Sasa tazama mwekezaji mpya anavyoamua. Anapita mtaani Ijumaa, anaona watu wamekaa hadi kwenye mtaro, anasikia DJ, anaona skrini kubwa na moshi wa nyama choma. Anarudi na DJ, skrini na jiko la nyama choma. Si kwamba hana akili. Kwa kila mmoja peke yake, kuiga kunalipa kweli, na hesabu yake inajulikana tangu mwaka 1952, pale mwanauchumi wa Marekani Peter Steiner alipochambua kwa nini vituo vya redio vinavyoshindana hurusha vipindi vinavyofanana. Tuihamishie Sinza. Mtaa una wateja 100: 60 wanataka DJ, Bongo Fleva na amapiano, 25 wanataka bendi, 15 wanataka mahali pa kukaa wakasikilizana. Baa ya kwanza inachukua wale 60. Ya pili ikiiga inapata nusu yao, 30, na bado ni wengi kuliko 25 wa bendi, inaiga. Ya tatu ikiiga inapata 20, basi hiyo ndiyo inayoleta bendi. Ya nne inatazama: DJ 20, nusu ya watu wa bendi 12 na kitu, wapenda utulivu 15, inarudi kwa DJ. Hadi baa ya tano ndipo wale 15 wanapata mtu wa kuwafikiria, na huyo naye anasitasita, kwa sababu robo ya wale 60 ni 15 hizohizo.

Kumbe baa tano zinaweza kumaliza mtaa na watu wakabaki hawana pa kwenda. Na hapa ndipo wapenzi wa soko huria hukunja uso: mmiliki mmoja mwenye kumbi tatu angewahudumia wote 100 tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hana faida yoyote ya kuiga ukumbi wake mwenyewe. Maeneo makubwa ya Masaki na Mbezi Beach yanafanya hivyohivyo ndani ya ukuta mmoja, bustani ya kula mbele, skrini pembeni, disko nyuma. Kiwanja kidogo cha Sinza hakina nafasi hiyo, kwa hiyo kinategemea majirani wasifanane.

Hesabu ya Steiner inaficha jambo moja, ambalo kwa biashara ya usiku ndilo kubwa kuliko yote. Inachukulia kwamba kila kichwa kina thamani sawa na kila mtu ana ladha moja. Mteja wa baa sivyo alivyo. Mtu yuleyule aliyemo kwenye 60 za Ijumaa yumo kwenye 15 za Jumanne, akiwa na mwenzake wa kazini na jambo la kujadili. Meza ya utulivu hukaa saa tatu au nne, huagiza chakula, na bili yao haisukumwi na ofa. Kwa hiyo baa inayochagua wale 15 haichagui kundi dogo la watu. Inachagua saa ambazo wengine wameziacha wazi.

Jiji hili liliwahi kulielewa hili kuliko sasa. Miaka ya 1970 na 1980 bendi za dansi zilikuwa nyingi na vyombo vyao vilifanana: magitaa, besi, tumba, tarumbeta, saksafoni. Kilichozitenga ni mtindo. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964 na kupita kwenye majina ya JUWATA na OTTU, ilishika Msondo. Mlimani Park, iliyoanza 1978, ikashika Sikinde. Maquis walikuwa na Kamanyola, baadaye Ogelea Piga Mbizi. Orchestra Safari Sound wakawa na Duku Duku. Vijana Jazz wakawa na Takatuka, kisha Pamba Moto. Mtindo ulikuwa na mdundo wake, uchezaji wake na mashabiki wake wa damu, na aliyetoka nyumbani kwenda kwenye Sikinde hakuwa analinganisha bei ya bia na ukumbi wa Msondo. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliunda International Orchestra Safari Sound kwa kuwachukua nyota kadhaa wa Mlimani Park, wakiwamo Muhiddin Maalim na Hassan Bitchuka. Kundi hilo halikupiga Sikinde ya pili. Lilitoka na mtindo mpya, Ndekule. Mtu ameshalipa gharama ya kuwang'oa waimbaji wale wale, na bado anaona bora kuuza kitu kingine, kwa sababu Sikinde mbili zingegawana mashabiki wa Sikinde moja.

Siku nazo zilikuwa na wenyewe. Bendi ilikuwa na ukumbi wa nyumbani ambao kila mtu aliujua, na siku za katikati ya wiki ilizunguka kumbi nyingine. Mango Garden ya Kinondoni ilikuwa nyumbani kwa Twanga Pepeta kwa miaka mingi. Jumapili mchana vijana walikuwa na bugi lao, dansi la mchana, muda ambao leo baa nyingi zinafagia sakafu tu. Na mgawanyo wa fedha ulikuwa rahisi kufuata: kwa kawaida kiingilio kilikwenda kwa bendi, vinywaji vikabaki kwa mwenye ukumbi. Kila upande ulikuwa na sababu ya kujaza watu, na hakuna aliyemlipa mwenzake mshahara.

Wanaosema vijana wameua muziki wa dansi kwa ladha mbaya wapige hesabu kwanza. Bendi yenye watu 20 ikiomba Sh500,000 kwa usiku, mwenye baa anahitaji chupa 1,250 za ziada kuirudisha, makreti 50 juu ya yale aliyokuwa anauza. Viti 60 havinywi makreti 50 hata kwa mkesha. DJ wa Sh50,000 anarudi kwa chupa 125, makreti matano. Hapo uamuzi umeshafanyika kabla ya ladha ya mtu yeyote kuulizwa. Bendi inasimama kwenye ukumbi wa watu 300 kwa kiingilio cha Sh5,000: Sh1,500,000 mlangoni, Sh75,000 kwa kila mwanamuziki kabla ya usafiri na matengenezo ya vyombo, na mwenye ukumbi anabaki na kaunta. Tukumbuke pia kwamba NUTA ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilikuja kuwa ya DDC, shirika la jiji. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Utofauti ule wa mitindo haukulipiwa wote na wacheza dansi. Mashirika yalipojitoa, gharama ikaangukia mlangoni, na mlango wa baa ya kawaida hauna kiingilio.

Kati ya DJ na bendi kamili pana nafasi ambayo wamiliki wengi huiruka. Mpiga kinanda na mwimbaji mmoja, au magitaa mawili na tumba, kwa Sh100,000 hadi Sh150,000, wanarudi kwa makreti 10 hadi 15. Ni mzigo mkubwa kwa usiku mmoja wa viti 60, lakini ukiwapanga Jumatano ambayo baa ilikuwa inauza makreti matatu, na ukaongeza Sh500 kwenye kila chupa usiku huo, faida ya chupa inakuwa Sh900 na hesabu inashuka hadi chupa 111 kwa wale wa Sh100,000. Makreti manne na nusu. Anayekuja kusikiliza hatalalamikia Sh500. Anayelalamika ana baa nyingine hatua 30 mbele. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na majirani.

Na majirani ni mali kweli. Watu hawasemi wanakwenda baa fulani, wanasema wanakwenda Sinza. Wakikuta kumejaa wanavuka barabara. Bodaboda na bajaji wanakuwepo hadi usiku wa manane kwa sababu mtaa mzima una abiria, si kwa sababu ya mlango mmoja. Usiku wenyewe una hatua: kundi linaanza na nyama na ndizi saa 1 jioni, linahamia kwenye muziki saa 3, na wenye nguvu wanamalizia disko kuanzia saa 6. Kila hatua inamlisha anayefuata. Sasa mwenye jiko zuri akiamua kununua spika na kuwa disko, hajaongeza disko tu. Ameondoa mahali watu walipokuwa wanaanzia. Wakianzia Kijitonyama, uwezekano ni mkubwa watamalizia hukohuko.

Kinachoharibu mpangilio huu haraka kuliko kuiga ni sauti. Baa zetu nyingi ziko wazi, paa la makuti au bati na ukuta wa kiunoni, kwa hiyo sauti ya mmoja ni ya wote. Spika inayotoa desibeli 100 kwa umbali wa mita 1 bado ni 80 kwa mita 10 na 60 kwa mita 100, maana mahali pa wazi hupungua desibeli 6 tu kila umbali unapoongezeka mara mbili. Mazungumzo ya mezani ni kama desibeli 60. Maana yake spika moja kubwa inafika mezani kwa jirani aliye mita 20 ikiwa na desibeli 74, na yule aliyekuwa anauza utulivu ameshafilisika bila kushindana na yeyote. Anayepiga muziki naye anapandisha sauti ili wateja wake wasikie wimbo wa kwake. Jirani anapandisha. Vyanzo viwili vyenye nguvu sawa vinaongeza desibeli 3 tu, kwa hiyo hakuna anayesikika zaidi. Kinachotokea ni nyimbo mbili kugongana, mhudumu kusikia "Kilimanjaro mbili" kama "Kilimanjaro tatu", na ugomvi wa bili. Nje ya ukuta kuna watu wamelala. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 kwa Ulaya ilipendekeza desibeli 40 nje ya nyumba usiku. Mitaa yetu iko mbali na hapo. Mei 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia makumi ya baa na kumbi kwa kelele, na waliofungiwa walilia hasara.

Dawa yake si ghali kama inavyodhaniwa. Badala ya masanduku mawili makubwa yanayotazama barabara, tumia spika ndogo sita au nane, zifungwe chini ya paa zikitazama meza, kila moja ihudumie mita mbili tatu. Desibeli 75 mezani zinatosha kuufurahia wimbo na kuongea. Besi ndiyo inayopita ukuta na kuamsha watu, hivyo ipunguzwe kwenye mikisa kuanzia saa 4 usiku. Aliyeko ndani hatagundua sana, aliyeko kitandani atagundua. Asiyeweza kuachana na besi nzito ajenge ukuta wa tofali hadi juu na aweke viyoyozi, na hiyo ni biashara nyingine kabisa, yenye mtaji mwingine.

Watengenezaji wa bia nao wana mkono katika kufanana huku. Friji, miavuli, viti, kibao cha mlangoni na rangi ya ukuta mara nyingi hutoka kwa kampuni, na kwa mwenye mtaji mdogo ni msaada mkubwa. Lakini baa tano zilizopakwa rangi ya bia moja haziwezi kukumbukwa kwa majina yake. Kampuni zenyewe zinajua thamani ya ukuta huo: malalamiko ya kampuni ya bia ya Serengeti dhidi ya mshindani wake TBL kuhusu matangazo kwenye baa yalifika Tume ya Ushindani, ambayo mwaka 2010 iliamua dhidi ya TBL, nayo ikakata rufaa. Ushauri wangu kwa mwenye baa ni kupokea friji na viti, na kuukatalia ukuta wa mbele. Kama kampuni inasisitiza ukuta, basi ukuta uwe na bei yake na muda wake kwa maandishi, miezi 12 badala ya "hadi rangi itakapochakaa".

Sheria nayo inabana saa. Leseni ya kawaida ya baa Tanzania hufunga saa 5 usiku siku za kazi na saa 6 usiku mwishoni mwa wiki, kwa hiyo saa nane nilizohesabu mwanzo ni nyingi kidogo kwa siku za kazi. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu baa kufungua saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana Jumamosi na Jumapili, zote zifunge saa 5 usiku. Nia yake ni kupunguza ulevi wa mchana na siibezi. Athari yake kwa biashara ni kuzisukuma baa zote kwenye dirisha moja la saa chache, na dirisha likiwa dogo, kila mmoja anataka wale 60. Novemba 2022 Kaunti ya Nairobi ikaenda mbele zaidi, ikaamuru kumbi za disko ziondoke kwenye maeneo ya makazi. Wakazi wa Kileleshwa na Kilimani walikuwa na haki ya kulala. Ila amri ya aina hiyo haitofautishi ukumbi unaotikisa madirisha na mahali pa watu 40 wanaosikiliza gitaa, isipokuwa leseni yenyewe itofautishe kwa desibeli badala ya kwa jina la biashara.

Mpira ni mfano mzuri wa jinsi saa zinavyopangwa na watu wasiotujua. Jumamosi Ligi Kuu ya Uingereza huja kwa mafungu matatu. Majira ya baridi ya Ulaya kwa saa zetu ni saa 9:30 alasiri, saa 12 jioni na saa 2:30 usiku. Inajaza mchana uliokuwa mtupu, jambo jema. Ligi ya Mabingwa, Jumanne na Jumatano, ina mechi za mapema saa 2:45 usiku, lakini zile kubwa huanza saa 5 usiku majira hayo, dakika ileile leseni ya kawaida inapotaka mlango ufungwe. Anayetegemea mechi hizo anategemea polisi wasipite. Na hata pasipo polisi, mtazamaji wa mpira ni mteja wa saa-kiti mbili kwa bia moja, kila baa ina skrini ileile, na filimbi ya mwisho ikilia wanaondoka wote kwa pamoja. Skrini ni lazima iwepo. Haimtofautishi mtu na jirani yake.

Anayetaka kujua pengo lake liko wapi aanze na daftari la kaunta. Mbali na hesabu ya kufunga usiku, lichorwe safu ya saa: chupa ngapi zimetoka kati ya saa 10 na 12 jioni, 12 na 2, 2 na 4, 4 na 6. Wiki nne zinatosha kuonyesha sura yake. Kisha apite mtaani siku zilezile, saa zilezile, ahesabu viti vilivyojaa kwa jirani watano. Saa ambayo kwake ni tupu na kwao imejaa inamwambia kuna kitu anakosa. Saa ambayo wote ni watupu ndiyo ya kuichunguza zaidi, kwa sababu huenda hakuna mtu kabisa, au huenda hakuna aliyewahi kumpa mtu sababu ya kutoka nyumbani. Kwa Jumatatu, mara nyingi ni la kwanza. Afadhali mfanyakazi apumzike na umeme uzimwe. Jumatano na Jumapili mchana mara nyingi ni la pili.

Akichagua saa yake, aishike miezi mitatu. Kosa la kawaida ni kuweka usiku wa rumba wiki tatu, kuona meza sita, kubadilisha kuwa karaoke wiki mbili, kisha kurudi kwa DJ. Mazoea ya kikundi huchukua muda, kwa sababu aliyefurahi mara ya kwanza lazima apate nafasi ya kurudi na wenzake, na mtu huwa na Jumatano mbili tatu tu za kutoka kwa mwezi. Wiki ya tano na ya sita ndizo za kutazama: kama sura za wiki ya kwanza hazijaonekana tena, kosa liko kwenye kitu chenyewe, kama zinaonekana lakini hawajaongezeka, kosa liko kwenye kutangaza.

Jiko ndilo chombo chepesi kuliko vyote na ndilo linalotumika vibaya kuliko vyote. Aina ya jiko huchagua wateja kabla ya muziki: penye kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, asiyeila hatakaa hata kama kuna mbuzi upande wa pili, kwa sababu ya kisu na wavu. Baa mbili jirani zikigawana hilo, mtaa unapata watu wote. Moja ikitaka vyote inapoteza nusu. Supu ya asubuhi Jumamosi na Jumapili huleta watu ambao usiku hawaonekani, wakiwamo wa familia, na haihitaji DJ. Tatizo liko kwenye mkataba. Wenye baa wengi humtoza mchomaji kiasi kimoja kila siku, tuseme Sh15,000, Sh105,000 kwa wiki. Mchomaji akipiga hesabu ya mkaa na nyama anaona siku za mwanzo wa wiki anafanya kazi ya mwenye baa, hivyo anawasha jiko kwa kuchelewa, anachoma nyama iliyolala, na mteja wa saa 12 anaambiwa asubiri saa nzima. Panga upya: Jumatatu hadi Jumatano Sh5,000, Alhamisi na Jumapili Sh15,000, Ijumaa na Jumamosi Sh30,000. Jumla ni Sh105,000 ileile. Mkatabani iandikwe tu kwamba mkaa uwe umewaka saa 11 jioni kila siku anayolipia, na kwamba akikosa siku mbili kwa wiki anarudi kwenye kiwango cha zamani.